Mwanagenzi Apewe Kipaza Sauti
Msimu wa mafunzo kwa vitendo ukifika, vijana wa vyuo vya habari hubisha hodi kwenye redio za Moshi, barua mkononi. Wengi huishia kutumwa chai na kunakili habari za magazetini. Tunawadhulumu, na tunajidhulumu sisi wasikilizaji. Redio ya mazungumzo haifundishwi ubaoni. Hufundishwa pale mama wa Marangu anapopiga simu kulalamikia mfereji uliokauka juu ya migomba yake, simu inakatika katikati ya sentensi, na kijana mwenye vipokea sauti masikioni ana sekunde tatu tu za kuamua: ampigie tena, au amgeukie mgeni aliye studioni? Mji huu haukuanza utangazaji jana. Studio ya Sauti ya Injili hapa Moshi iliandaa vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa kutoka kituo cha redio cha Addis Ababa, hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitwaa kituo kile mwaka 1977. Urithi huo una deni. Wakuu wa vituo, mpeni kila mwanagenzi msimamizi mmoja, nauli ya kupanda Kibosho au Machame kurekodi sauti za watu, na dakika tano hewani kila wiki. Samaki mkunje angali mbichi.