SHULE IPI NZURI? USIANZE NA MATOKEO, ANZA NA CHOO (Sehemu ya 4)

Wiki hii kliniki mama mmoja, amebeba wa miezi tisa na kumshika mkono wa miaka sita, ameniuliza: "Nesi, huyu mkubwa nimwandikishe hapa karibu, au nimpeleke ile shule ya mbali inayofaulisha?" Kabla sijajibu, benchi zima lilishajibu. Kila mtu ana shule yake anayoisifia. Nikaona niandike.

Hapa Nkoma na vijiji jirani shule zetu nyingi ni za serikali. Ada hakuna. Kwa hiyo tunachobaki kulinganisha ni matokeo ya darasa la saba tu. NECTA wakitangaza, simu zinazunguka kijijini: "Wale asilimia mia! Wale wamefeli!"

Jamani, asilimia inadanganya. Shule yenye watahiniwa 20 wote wakifaulu ni asilimia 100. Yenye watahiniwa 120 wakifaulu 102 ni asilimia 85. Nani kafanya kazi kubwa? Halafu kufaulu ni kuanzia A mpaka C, kwa hiyo mwenye C ya kubahatisha na mwenye A wanahesabiwa sawa. Ukifungua matokeo, tazama wastani wa shule, ule wa alama 300. Na uliza swali ambalo NECTA hawaliandiki: walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi, na waliofika kwenye mtihani wa la saba ni wangapi? Kama waliingia 150 wakafanya mtihani 70, wale 80 wako wapi? Wengine wamehama, sawa. Wengine wanachunga ng'ombe. Wengine, mabinti, mimi nakutana nao wodi ya wazazi.

Sasa niwaambie langu, msinicheke. Mwanangu wa kwanza nilimtoa shule ya karibu nikampeleka ya mbali kwa sababu ya matokeo. Miezi miwili tu, akaanza kuumwa tumbo la chini, akikojoa analia. UTI. Nikamtibu, ikarudi. Mimi nesi, nimeweka dawa tu, sijauliza! Siku moja nikamwona asubuhi anakataa maji. Akasema, "Mama, nikinywa nitataka kukojoa, na choo cha shule kinatisha." Mtoto alikuwa anabana mkojo kutwa nzima. Nilikuwa nimesoma matokeo yote ya ile shule, choo chake sikuwahi kukiona.

Ndiyo maana nasema: kabla ya kuchagua, nenda kwa miguu yako. Nenda siku ya shule, saa ya mapumziko. Angalia haya:

1. CHOO. Kiwango cha nchi ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Wasichana 240 wanahitaji matundu 12. Hesabu. Mlango upo? Unafungika kwa ndani? Maji ya kunawa yapo? Binti aliyevunja ungo atabadilishia wapi? Kama hakuna pa kubadilishia, kila mwezi atakosa siku kadhaa za masomo, hata kama walimu ni hodari namna gani.

2. NJIA. Tembea nayo wewe, tena fikiria masika. Kuna mto unaojaa? Kuna lambo ambalo watoto wataoga wakirudi? Kichocho kanda yetu hii kipo. Mtoto akikojoa damu, mlete, na siku ya dawa za kichocho na minyoo shuleni asikose.

3. CHAKULA. Mtoto wa miaka sita aliyeondoka na chai ya rangi, saa sita hasikii mwalimu anasema nini. Uliza kama uji au makande yapo mwaka mzima, au baada ya mavuno tu. Na hapa tuseme ukweli: ada imefutwa, debe la mahindi la mwanao halijafutwa. Hilo ni letu wazazi.

4. DARASA LA KWANZA. Wote tunakimbilia kuuliza la saba, lakini mwanao anaanzia huku. Kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu. Wapo wangapi? Wamekaa kwenye dawati au chini? Ukimpa wa darasa la pili kitabu, anasoma?

Maoni yangu, na najua wengine mtapinga: kwa mtoto mdogo, shule ya karibu yenye choo na uji inaishinda ya mbali yenye sifa. Na kama ya karibu haina choo, kumhamisha mwanao kunamwokoa mmoja, wale wa jirani wanabaki palepale. Nenda mkutano wa wazazi. Sisi akina mama tunawaachia wababa kamati ya shule, halafu tunashangaa kwa nini choo cha mabinti hakijengwi. Nyoosha mkono, uliza matundu ni mangapi.

Wangu nilimrudisha karibu. Tulichanga, choo kikapata milango. Asubuhi anakunywa maji kikombe kizima.

Yule mama wa kliniki nilimwambia: nenda kaone kwanza, kisha urudi unieleze. Na wewe ukienda, niandikie hapa chini umekuta nini. Wiki ijayo tutaongelea chanjo ya mabinti, maana maneno ni mengi mtaani.