Kizimba cha Kumchukulia Paka



Wasomaji wetu watukufu, mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi yenu watalicheka, nalo ni namna ya kumchukua paka kutoka mahali hata mahali. Mwenye kucheka na acheke, lakini ajiulize kwanza: katika nyumba zetu za pwani zenye paka, ni ngapi zenye chombo cha kumchukulia siku ya safari au siku ya ugonjwa? Aghlabu siku hiyo ikifika hutafutwa gunia.

Bibi mmoja wa Lamu ametuandikia kwamba mwanawe amepata kazi Mombasa, nao wahamia huko nyumba nzima. Ana paka watatu: dume mmoja mkubwa, ambaye kwa maelezo yake ni shume khasa, jike mmoja mwembamba mwenye miguu mirefu, kama walivyo paka wengi wa kwao, na mtoto wa miezi miwili. Majirani wamemshauri awaache, kwa kuwa kisiwani paka hajakosa utumbo wa samaki. Yeye moyo haumpi, lakini hajui atawavusha vipi kwa mashua mpaka Mokowe, kisha awatie katika basi mchana kutwa. Auliza: je, kapu moja kubwa halitawatosha wote watatu?

Halitawatosha, na sababu zake ndizo tunazotaka kuzieleza leo, kwani twajua si yeye peke yake mwenye haja nazo.

Tuanze na hilo gunia. Gunia lilifanywa kwa mahindi na makaa. Paka hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Jasho lake ni kidogo tu, katika nyayo. Joto likimzidia hupumua kinywa wazi kama mbwa, na paka anayepumua hivyo amekwisha kufika penye hatari. Katika jua letu la Januari na Februari, gunia lililofungwa mdomo na kuwekwa juu ya paa la basi au chini ya kiti kando ya injini huweza kumuua kabla ya kufika mwendo wa saa chache. Na asipokufa, akifunguliwa hutoka kwa hofu, na hofu yake hailengi: hurarua mkono wa yule yule aliyemlisha jana. Tusidharau jeraha la namna hiyo. Maradhi ya kichaa cha mbwa hayana mbwa peke yake, na paka huweza kuyapata na kuyaambukiza kwa meno. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, wala asingoje aone litakuwaje.

Wapo wanaosema kwamba hata kumtia paka katika kizimba ni kumfunga, na wao husoma khabari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Khabari hiyo ni sahihi, lakini na isomwe hata mwisho. Mwanamke yule alimfunga paka, hakumpa chakula wala kinywaji, wala hakumwacha akajitafutia mwenyewe vya ardhini, mpaka akafa. Lililolaumiwa ni kufunga pamoja na kunyima. Mtu anayempeleka paka kwa tabibu, au anayehama naye badala ya kumtupa sokoni, akampa nafasi na hewa na maji, hayumo katika khabari hiyo. Ama yule anayemtia katika gunia ili akamwache ng'ambo ya mji asikojua njia, huyo na aisome tena.

Basi tuje kwenye kipimo. Chombo kizuri ni kile ambacho paka aweza kusimama ndani yake bila ya kuinamisha kichwa, akageuka, na akalala amejinyoosha. Maneno haya kila mtu huyasema, lakini wachache hupima. Chukua tepe ya fundi cherehani, umngoje paka ashibe na atulie, kisha upime mambo manne: urefu wake tangu pua hata shina la mkia, wala mkia wenyewe usiuhesabu, kimo cha mguu wa mbele tangu chini hata kiwiko, upana wa mabega, na kimo chake akisimama, tangu chini hata ncha za masikio. Kisha fanya hesabu, na hii ni kazi nzuri ya kuwapa watoto wanaosoma hesabu shuleni. Urefu wa kizimba ni urefu wa paka pamoja na nusu ya kimo cha kiwiko. Upana wa kizimba ni upana wa mabega mara mbili. Kimo cha kizimba ni kimo cha paka pamoja na unene wa tandiko. Hesabu hii ndiyo inayotumiwa na IATA, umoja wa mashirika ya ndege ulimwenguni, katika kanuni zake za kuchukua wanyama, nasi hatuoni sababu ya kutoitumia katika mashua.

Tuseme yule jike wa bibi wetu ana sentimita 46 tangu pua hata shina la mkia, kiwiko chake ni 14, mabega 12, na kimo chake 32. Nusu ya 14 ni 7, basi kizimba chake kitakuwa na urefu wa sentimita 53, upana 24, na kimo 32 pamoja na tandiko. Shume naye, tuseme ana 54, kiwiko 18, mabega 16, na kimo 38. Yeye atataka urefu wa 63, upana 32, na kimo kinachopita 38. Tazama tofauti ilivyo kubwa. Ukinunua kimoja kwa kukisia dukani, kwa kuwa chapendeza rangi yake, wa kwanza atakaa raha na wa pili atakunjwa kama nguo.

Wala usitegemee uzani peke yake, ingawa wauzaji wengi huandika kilo juu ya bidhaa zao. Paka wetu wengi wazima huwa na kilo 3 hata 5. Jike mwembamba mwenye miguu mirefu huweza kuwa na kilo 3 tu, na bado akahitaji kimo kuliko paka mnene mfupi wa kilo 5. Wapo pia paka wa kigeni wanaofugwa siku hizi na wenye uwezo. Wale waitwao Maine Coon, ambao asili yao ni Marekani, madume yao hufika kilo 8 na zaidi, nao hawaingii kabisa katika vizimba vya kawaida. Mwenye paka wa Kiajemi, mwenye uso bapa, na aongeze sehemu moja katika kumi juu ya kila kipimo, kwani pua fupi humpa taabu ya kupumua.

Mtoto wa paka ni mas'ala mengine. Katika miezi yake ya mwanzo huongeza karibu nusu kilo kila mwezi, basi wa miezi miwili ana kadiri ya kilo 1, na ukimnunulia kizimba cha kumtosha leo, baada ya miezi mitatu umepoteza fedha. Nunua cha kumfaa atakapokuwa mtu mzima, kisha nafasi iliyozidi uijaze taulo iliyokunjwa pande zote, ili asiteleze na kugongwa basi linapopiga breki. Jambo la kuangalia kwa mtoto ni upana wa matundu. Paka hakuumbwa kama sisi. Mifupa yake ya mitulinga haikushikamana na mifupa mingine, basi kichwa chake kikipita, mabega hufuata. Tundu linalopisha zaidi ya vidole viwili lisiaminiwe.

Kwa sababu hiyo tenga la kuku, ambalo ndilo la kwanza kuja akilini mwa watu wetu, halifai kwa mtoto. Kwa paka mzima laweza kufaa kwa mwendo mfupi, maana hewa yake ni nyingi. Lakini kifuniko chake hufungwa kwa kamba, na paka mwenye hofu hufanya kazi juu ya kamba usiku na mchana. Pakacha ni la nazi. Makucha hulimaliza upesi. Kapu la ukindu ni jepesi na zuri kwa macho, ila halina mlango. Boksi la karatasi hufaa kwenda kwa tabibu wa mtaa wa pili, nalo likisha kulowa mkojo, kitako chake hutoka na paka hutoka nacho.

Vizimba vinavyouzwa madukani ni vya namna tatu. Vya kitambaa ni vyepesi, navyo hufaa kwa paka mpole na mdogo; lakini zipu isiyokuwa na kifungo cha kuizuia hufunguliwa kwa ukucha. Vya waya hupitisha upepo sana, jambo jema katika joto letu, ila paka huona kila kitu na kila kitu kimwona, naye hofu humzidi. Mwenye nacho na akifunike kwa kanga nyepesi pande tatu, aache upande mmoja wazi. Vya plastiki ngumu ndivyo tunavyovipendelea sisi, khasa vile vya vipande viwili, cha chini na cha juu, vinavyofunguliwa kwa vibano. Faida yake huionekana kwa tabibu: kipande cha juu huondolewa, na paka mgonjwa hubaki amekaa katika cha chini akatazamwa hapo hapo, badala ya kukokotwa mlangoni kwa miguu. Chagua chenye mlango wa chuma na, ikiwezekana, mlango mwingine juu, kwani shume kama yule ni rahisi kumteremsha kuliko kumsukuma.

Asiyekuwa na fedha za dukani na amwendee seremala. Plaiwudi nyembamba, mlango wa wavu wa matundu madogo, matundu ya hewa pande tatu nyingine, komeo la nje, na mshikio wa juu ulio imara, hayo yatosha. Mwambie asiache ncha ya msumari ndani, wala asipake rangi siku ya mwisho, kwani harufu yake katika nafasi ndogo ni adhabu. Na ukumbuke kwamba sanduku lina uzani wake. Paka wa kilo 5 ndani ya mbao nzito huwa mzigo wa watu wawili, na bibi wetu anao watatu.

Ndiyo maana twamshauri vizimba viwili: kimoja cha shume peke yake, na kimoja cha jike pamoja na mwanawe ikiwa bado amnyonyesha na wamezoea kulala pamoja, nacho kiwe kikubwa kuliko hesabu ya mama peke yake. Paka wazima wawili wasitiwe pamoja, hata wakiwa marafiki nyumbani. Hofu huvunja urafiki, na ndani ya kizimba aliyeshindwa hana pa kukimbilia.

Vizimba visiletwe asubuhi ya safari. Viwekwe chumbani wiki mbili kabla, mlango wazi, ndani kitambaa chenye harufu ya paka mwenyewe, na chakula kiwekwe humo. Paka ataingia kwa hiari yake na atapaona kwake. Siku yenyewe, kama bado akataa, mfunge taulo mwili mzima isipokuwa kichwa, umwingize kinyumenyume. Chakula na kikatwe saa 4 au 5 kabla ya kuondoka ili asitapike, lakini maji apewe, na njiani yaonjeshwe kila mnaposimama, mlango usifunguliwe wazi ila mahali palipofungwa. Paka wengi hupotea gatini na vituoni, kwa mkono wa huruma uliofungua ili kumpapasa. Dawa ya usingizi asipewe kwa shauri la jirani. Hilo ni la tabibu wa wanyama.

Katika basi kizimba kikae sakafuni mbele ya miguu yako au juu ya mapaja, wala si kwenye buti wala juu ya paa. Katika gari dogo, sakafuni nyuma ya kiti cha mbele ndipo pema, pasipopigwa na jua.

Limebaki jambo moja ambalo mwenye swala zake atalifikiri. Paka mwenyewe si najisi. Tunayo Hadithi ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe, nayo imo katika Abu Dawud na Tirmidhi. Lakini mkojo wake ni najisi, na safari ndefu haipiti bila ya mkojo. Kapu lililosukwa likiwekwa mapajani litavuja, na Adhuhuri itamkuta mtu njiani na nguo isiyomfaa. Basi kitako cha kizimba kiwe kizima kisichopitisha maji, juu yake magazeti makuukuu, juu ya magazeti kipande cha kanga, na vipande vingine viwili au vitatu viwekwe mfukoni vya kubadilisha.

Mkifika, kioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida, kisuuzwe sana, kianikwe juani. Zile dawa za kuulia vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, na zile nyeusi za chooni, zisitumiwe, kwa kuwa nyingi katika hizo zina vitu ambavyo ini la paka haliwezi kuviondoa, naye huvilamba miguuni mwake mwenyewe. Kikisha kukauka kisipandishwe darini. Kiache pembeni mwa chumba, mlango wazi, na taulo lake ndani.