Kuchagua Maneno ya Kuandika

Mtoto wa shule akiagizwa kuandika habari ya mvua, mara nyingi huandika hivi: "Mvua ilinyesha sana. Upepo ulivuma sana. Watu waliogopa sana." Hapana kosa la sarufi katika maneno hayo, na mwalimu aweza kuyapa alama zote, walakini asomaye haoni mvua wala hasikii upepo. Jioni ile ile mtoto yuyo huyo, akimsimulia bibi yake jikoni, husema ya kuwa yalianza manyunyu, kisha ikaja mvua ya mawe, paa la jirani likang'oka, na mbuzi wakalia hata sauti zikawakauka. Basi maneno anayo. Asichokuwa nacho ni ujasiri wa kuyatoa jikoni na kuyatia katika daftari.

Wako walimu waonao upungufu huu, wakautafutia dawa isiyofaa. Huandika ubaoni maneno makubwa, wakawaambia watoto wayakariri. Tangu siku ile kila insha huanza kwa jua lililochomoza kwa fahari na adhama, hata kama habari yenyewe ni ya kufua nguo. Neno kubwa si neno lenye nguvu. Lenye nguvu ni lile linaloenea jambo lake, kama mpini uneavyo tundu la shoka. Mzee mwenye mkongojo hujikongoja, mwenye mwiba mguuni huchechemea, mwizi hunyata, mlevi hupepesuka. Mtoto aandikaye ya kwamba wote wanne "walikwenda polepole" amewavika kanzu moja, nao hawatambulikani tena. Mtoto wa pwani hawezi kuliita dafu "nazi changa kidogo", maana tangu utotoni ajua kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, wala hakosei akitumwa kuleta kimojawapo. Macho hayo hayo ndiyo yatakiwayo katika insha.

Penye ubishi zaidi ni vile vineno vidogo vya sauti na rangi. Kitu kikianguka majini, chubwi, matopeni, tapwi, juu ya ardhi, pu. Giza ni totoro, nguo ni nyeupe pepepe, damu ni nyekundu pyu, na mtu aliyechoka hulala fofofo. Walimu wengine huviondoa kwa kalamu nyekundu, wakisema kwamba hayo ni maneno ya nyumbani, hayafai kitabuni. Hoja hiyo haina msingi, kwa kuwa vitabu vyenyewe vilitoka nyumbani. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, hakuzitunga hadithi za Kiswahili alizozipiga chapa mwaka 1870. Alizipata kwa wenyeji wa Unguja, kama walivyozisimulia. Na kamusi ya Ludwig Krapf, iliyotoka mwaka 1882, ilikusanywa kwa miaka mingi kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa na jirani zao. Kama mabwana hao wangalikataa kila neno la jikoni, wangalirudi kwao na karatasi nyeupe.

Ni kweli ya kwamba maneno hayo yana mahali pake. Hesabu ya duka haihitaji pyu, na barua ya kuomba kazi haiandikwi kwa chubwi. Tena yakitiwa katika kila sentensi huchosha, kama pilipili katika uji. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mtoto mahali hapo, si kumnyang'anya neno lake. Yafaa awatoe watoto nje, wamtazame kuku jaani kwa muda wa nusu saa, kisha waandike waliyoyaona bila kutumia "sana" wala "zuri". Hapo ndipo kuku ataparura, atapekua, atadonoa, atakupuka akitishwa. Na mtoto ambaye hakuwa na la kusema ataomba karatasi ya pili.

Wako wasemao ya kuwa haya yote ni mapambo ya washairi, na kwamba mtoto wa mkulima yamtosha kujua kuandika jina lake na kujumlisha. Hao hawajafikiri ni nani aandikaye barua katika nyumba ambamo mtoto peke yake ndiye ajuaye kusoma. Babu akishikwa na ugonjwa usiku, huyo mtoto ndiye aandikaye kikaratasi cha kupelekwa kwa mganga wa zahanati. Akiandika, "Babu anaumwa sana," mganga hajui kama ni jino au ni moyo, naye huenda akajibu kwamba mgonjwa aletwe asubuhi. Lakini akiandika, "Babu ana kichomi upande wa kuume tangu jana, anahema, hawezi kulala chali, na midomo yake imegeuka rangi ya majivu," mganga huvaa viatu akatoka usiku ule ule.