Mwaka Nilioupima kwa Vitabu

Tuko kwenye purukushani za kufunga mwaka, huku ada za Januari zimeshaanza kupiga hodi. Mwezi kama huu kila mtu anapiga hesabu zake. Yupo aliyemaliza msingi wa nyumba, yupo aliyepunguza kilo, na yupo aliyepunguza mwanamume, tena huyo ndiye ninayemwona anang'aa kuliko wote. Mimi sikununua kiwanja wala sikupungua. Nimesoma vitabu 11.

Usicheke. Kwa mwanamke mwenye kazi, mume na watoto watatu, 11 si mchezo. Ikifika saa tatu usiku simu naiacha jikoni kwenye chaja, nasoma kurasa kumi, basi. Kwenye foleni ya Mwenge naongeza tano. Vitabu vingine nimeazima, vingine nimenunua kwa wale jamaa wa Posta wanaopanga vitabu vya mtumba chini.

Vitatu vya mwanzo vilikuwa vile vya "jinsi ya": jinsi ya kufanikiwa, jinsi ya kumfanya mumeo asikuchoke, jinsi ya kuamka saa kumi alfajiri. Hiki cha mwisho nilikimaliza kwa hasira, maana aliyekiandika inaelekea ana mtu anayemchemshia watoto uji. Sivibezi, vina faida zake. Lakini vinakupa majibu kabla hujauliza swali. Zilizotikisa nyumba yangu ni hadithi.

ROSA ALIVYOINGIA KWETU

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa mashuleni kwa muda, baadaye ikaja kuwa kitabu cha kiada. Wengi tuliisoma kwa ajili ya mtihani, na ukisoma kwa ajili ya mtihani unakumbuka dhamira na wahusika tu. Safari hii nimeisoma kama mama. Zakaria, baba mlevi wa kule Ukerewe, anambana bintiye kwa fimbo. Barua ya mvulana inagundulika, Rosa anapata kipigo. Kisha anakwenda shule ya mbali, fimbo ikiwa imebaki nyumbani, na hakuna aliyewahi kuongea naye chochote kuhusu wanaume zaidi ya kumtisha. Anavyoishia, aliyesoma anajua.

Mwezi wa saba baba watoto akakuta ujumbe kwenye simu ya binti yetu mkubwa, yuko kidato cha pili. "Nimekumiss sana" na vimioyo vitatu. Jamani, nyumba ilizizima! Asubuhi yake alikuwa na safari ya kikazi Dodoma, akasema, "Nikirudi, mimi na yeye tutajuana." Namfahamu mume wangu, na nawafahamu waliomlea. Kujuana kwa ukoo ule ni mkanda.

Ningemwambia nini? Ningesema "usimpige mtoto", angenijibu ndiyo maana anaharibika, namdekeza. Ningemwambia anaelekea kuwa kama baba yake, tungelala mzungu wa nne hadi Krismasi. Nikamwekea Rosa kwenye begi, chini ya mashati. Sikusema neno.

Amerudi siku ya tatu, kimya. Amekula, amekunywa maji, ndipo akauliza, "Hivi huyu Zakaria alidhani anajenga nini?" Nikamwambia sijui, labda hata yeye alifanyiwa hivyohivyo. Akanitazama, hakunijibu. Baada ya hapo akamwita binti barazani, wakakaa karibu saa nzima. Sikuitwa na sikwenda, ingawa masikio yalinitoka kama ya sungura. Kesho yake mtoto akaniambia, "Mama, baba kaniuliza yule kaka anasoma wapi na anataka kuwa nani." Basi.

Msidhani mambo yamekuwa peponi. Simu kainyang'anya, inalala kabatini kwetu mpaka leo, na hapo namuunga mkono. Binti naye keshaisoma Rosa. Akatuuliza mezani, mbele ya wote, "Huyu Zakaria mbona kama babu?" Mwenzangu aliinamia sahani yake muda mrefu.

Ngoja niseme jambo moja hapa, maana najua barua zenu. Kama kwako kipigo kimeshakuwa desturi, usinisikilize mimi na riwaya zangu. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, nenda huko. Kitabu ni kwa mtu ambaye bado anasikia.

RAMATOULAYE KWENYE KIKOBA

La pili lilitokea kwenye kikoba chetu, tunakokutana Jumamosi mbili kwa mwezi. Niliwaazimisha wenzangu Barua Ndefu Kama Hii, ya Mariama Bâ wa Senegal. Aliiandika kwa Kifaransa, ikatoka mwaka 1979, mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Noma ilipotolewa kwa mara ya kwanza, na yeye akafariki 1981. Ramatoulaye yuko eda, anamwandikia shoga yake Aissatou. Mumewe Modou alioa msichana aliyekuwa rafiki wa binti yao, na habari yenyewe yeye aliletewa na wageni watatu, imamu akiwamo. Ramatoulaye akabaki. Aissatou, yalipomkuta ya kwake, alichukua watoto wake akaondoka, akasoma, akapata kazi ubalozini Marekani.

Kati yetu yupo ambaye mumewe ana nyumba ndogo. Wote tunajua, naye anajua kwamba tunajua, na miaka miwili tumekuwa tukizungumzia bei ya mchele. Siku hiyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Kwa nini hakuondoka?" Mwingine akamjibu, "Na watoto 12? Aende wapi?" Chai ilipoa, hesabu za marejesho zikasahaulika. Kwa muda wote ule hakujitaja, lakini alikuwa akijieleza. Tulipokuwa kwenye bajaji tunarudi akaniambia taratibu, "Mimi pia niliambiwa na watu." Ndipo tukaongea kweli, hadi dereva akapunguza redio.

Mtaniuliza ameamua nini. Bado hajaamua, na sitamwamulia. Amefungua akaunti yake mwenyewe na amejiandikisha masomo ya jioni.

Vingine navipitia harakaharaka. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert niliusoma kwa siku mbili: mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu, mwaka 1928 akaenda kurekodi nyimbo Bombay. Ukisikia uvivu, soma huo. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, ni ya kusoma polepole, usiipeleke kwenye foleni.

Sasa hivi kitanda kina wasomaji wawili. Mwenzangu ameshika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya yule binti Yasmin anayeozwa kwa mzee. Filamu yake ya 2021 tumekubaliana tutaitazama akishamaliza. Kila nikimuuliza amefika wapi ananiambia nisimharibie. Heri ya mwaka mpya, tukutane Januari.