Kisima cha Sadaka na Maji Yasiyopimwa

Sisi wa Mbagala, Chamazi na Bunju tunayajua maji ya visima, na ni sadaka chache tunazozichangia kwa moyo mkunjufu kama kisima. Fedha za kuchimba hupatikana, za pampu hupatikana, na kibao chenye jina la marehemu hakikosi. Fedha za kuyapima maji ndizo zinazosahauliwa. Zikikumbukwa, hupimwa chumvi na vijidudu tu.

Hapa Dar es Salaam hizo ndizo hofu za kwanza, wala hatumtishi mtu. Lakini michango yetu husafiri hadi Dodoma na Singida, na huko, katika ardhi ya Bahi na Manyoni, imegunduliwa madini ya urani. Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, mwamba wa fosfeti unaochimbwa kwa ajili ya mbolea nao una urani ndani yake.

Urani katika maji haionekani. Kuyachemsha hakuiondoi, kwani maji hupungua sufuriani nayo ikabaki. Kiungo kinachohofiwa kwanza ni figo, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 kwa lita. Kwa upande wa mionzi, kipimo cha awali ni bekereli 0.5 kwa lita kwa mionzi ya alfa na 1 kwa ile ya beta. Bekereli moja ni kiini kimoja cha atomu kinachovunjika kila sekunde. Maji yakizidi hapo hayawi sumu papo hapo. Maana yake ni kwamba uchunguzi wa kina unahitajika.

Kwa ziwa au bwawa, maji peke yake hayatoshi, maana radiamu hung'ang'ania tope. Wataalamu hulikausha tope, hulisaga, kisha hulifungia katika kopo lisilopitisha hewa kwa takriban mwezi mmoja, ili gesi ya radoni isitoroke na hesabu ikapotoka. Ndipo hulipima ndani ya kuta nene za risasi, zinazoizuia mionzi ya chumba chenyewe.

Kazi hiyo si ya fundi wa pampu. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo ya kuulizwa, na kamati ya kisima iulize kabla ya kibao kuchongwa. Sampuli nayo ichukuliwe kwa maelekezo yao: maji ya kupimwa urani hutiwa tindikali kidogo, la sivyo madini huweza kuganda kwenye kuta za chupa, na maabara ikasoma pungufu.