Uteuzi wa Vipuri vya Tarakilishi ya Nyumbani: Hali ya Rongai

Wapenzi wa Kiswahili wamemwaga wino mwingi wakijadili iwapo mtambo huu uitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo una manufaa yake, ila umeishia kwenye jina la sanduku. Yaliyomo ndani ya sanduku hayajapata mtetezi, na hasara ya upungufu huo haiwafikii wasomi kwanza. Humfikia mzazi wa Rongai ambaye tarakilishi ya nyumbani imemfia katikati ya muhula, naye ana pesa za kununua mara moja tu.

Rongai inayokusudiwa hapa si Ongata Rongai ya Kajiado, bali ni mji mdogo ulio kwenye reli itokayo Nakuru kuelekea Eldoret, penye mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, jirani na vyuo vikuu vya Kabarak na Egerton. Anayehitaji vipuri hapo aghalabu hupanda matatu hadi Nakuru, na anayerudi na kipuri kisichoingia mahali pake hulipa nauli mara ya pili kabla ya kulipia kingine chochote. Kwa hiyo uteuzi hauna budi kufanywa nyumbani, kabla ya safari, na kwa lugha ambayo nyumba nzima inaielewa.

Jambo la kwanza ni kujua hasa kilichokufa. Tarakilishi ya mezani, tofauti na simu, ni mkusanyiko wa viungo vinavyotenganishika, na mara nyingi ni kiungo kimoja tu kilichoharibika. Tarakilishi ambayo kila inapowashwa hurudi mwaka wa zamani, kisha tovuti zikagoma kufunguka, yamkini haina ugonjwa mwingine ila betri ya duara, mfano wa sarafu, iliyopachikwa kwenye bodi mama. Jina lake ni CR2032, na hata watengenezaji wa saa huwa nayo. Isiyoonyesha uhai wowote huenda imepoteza kisanduku cha umeme tu. Inayowaka, lakini ikamweka mtu dakika kumi kabla ya kufungua ukurasa mmoja, mara nyingi huwa na diski iliyochoka. Wapo mafundi waaminifu watakaoyasema haya bila kuulizwa. Wapo pia watakaotamka kwamba bodi mama imeungua, na mteja asiyejua majina hana la kujibu.

Ikiwa kweli bodi mama imeungua, basi hesabu hubadilika. Kununua bodi mpya, prosesa mpya na kumbukumbu mpya, kila kimoja peke yake, huelekea kumgharimu mtu zaidi ya tarakilishi nzima iliyokwisha kutumika ofisini ng'ambo na kuletwa nchini, kama vile OptiPlex ya Dell, EliteDesk ya HP au ThinkCentre ya Lenovo. Kwa nyumba ya kipato cha kawaida, hiyo ya mtumba ndiyo njia ya busara. Kiwambo, kibodi na kipanya vya zamani vibaki vilipo. La kuangaliwa ni tundu la kiwambo tu: cha zamani huwa na VGA, ilhali sanduku la ofisi huenda likawa na DisplayPort pekee, na hapo kiunganishi kidogo kinahitajika. Kisiponunuliwa siku hiyohiyo, tarakilishi itakaa mezani bila kuonyesha chochote.

Sasa, kati ya masanduku kumi yanayofanana dukani, lipi lichukuliwe? Hapa ndipo mwanafunzi wa mofolojia anapoweza kumfaa jirani yake. Muuzaji husema "hii ni i5" kana kwamba amemaliza, kumbe hajasema lolote. i5-2400 ilitoka mwaka 2011, i5-8500 ikatoka mwaka 2018, na zote ni i5. Kinachobeba maana ni tarakimu inayofuata kistari, nayo ndiyo kizazi: 2 kwa ya kwanza, 8 kwa ya pili. Kuanzia kizazi cha kumi tarakimu huwa mbili, kama katika i5-10400. Hata i3-8100 ya mwaka 2017, ambayo muuzaji ataidharau kwa kuwa ni i3, huishinda waziwazi ile i5-2400. Mwishoni mwa namba nako pana viambishi. Herufi F, kama katika i5-9400F, humaanisha kwamba prosesa haina uwezo wa picha ndani yake na itadai kadi ya picha, gharama ambayo nyumba ya kuandikia insha na tasnifu haina haja nayo. Herufi T huashiria prosesa inayotumia umeme kidogo, na hupatikana sana katika yale masanduku madogo ya ukubwa wa kitabu.

Kizazi cha nane si namba ya kubahatisha. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11, kwa jumla, huzikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho. Tangu hapo mitambo ya kizazi cha sita na cha saba imepoteza thamani, na kuna wanaoiuza kwa maneno matamu kuliko bei yake. Si kwamba haifai kabisa. Kwa anayekubali kujifunza Linux, ingali na miaka ya kazi. Lakini anunuaye ajue anachonunua. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ukathibitisha kwamba menyu nzima ya programu yaweza kusomeka kwa Kiswahili. Ni ajabu kwamba zaidi ya miaka ishirini baadaye mnunuzi hana hata karatasi moja ya kumweleza tofauti ya kizazi cha saba na cha nane.

Kuhusu kumbukumbu, gigabaiti 8 zinatosha kwa kazi za nyumbani, na ni heri ziwe vibao viwili vya 4 kuliko kimoja cha 8, kwani prosesa huvisoma kwa pamoja. Kibao cha DDR3 hakiingii penye DDR4. Pengo lake liko mahali pengine, na kukilazimisha ni kukivunja. Masanduku yale madogo nayo hutumia vibao vifupi vya tarakilishi za mkononi. Tangu miezi ya mwisho ya 2025 bei ya kumbukumbu imepanda duniani, kwa kuwa viwanda vinayahudumia kwanza maghala ya mitambo ya akili unde. Basi sanduku linalouzwa likiwa na gigabaiti 8 tayari laweza kuwa rahisi kuliko lile la bei ya chini lenye 4, hata kama tofauti ya bei inauma.

Pesa ikibaki, iende kwenye diski. SSD ya gigabaiti 256 huibadilisha tarakilishi kuliko prosesa yoyote, na ya aina ya SATA hutumia nyaya zilezile za diski ya kuzunguka. Kisha umeme. Mtu anayelipia prosesa kubwa, halafu akaichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya mji wenye radi na umeme unaokatika bila taarifa, amejenga ghorofa juu ya tope. UPS ndogo ya VA 650 hutoa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu, nayo isichomekewe printa ya leza, maana itaelemewa. Izingatiwe vilevile kwamba visanduku vya umeme vya mitambo ya ofisi mara nyingi huwa na umbo na plagi za kwao pekee; cha dukani cha kawaida hakitaingia.

Watakuwapo watakaouliza kwa nini isinunuliwe tarakilishi ya mkononi. Kwa msafiri, sawa. Kwa nyumba yenye watoto watatu na meza moja, ya mezani hurekebishika kipande kwa kipande, na kioo chake hakivunjiki kwa kukaliwa.

Linaloweza kufanywa na vyama vya Kiswahili vya Njoro na Kabarak ni dogo na la haraka: risiti ya mfano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye nafasi ya namba kamili ya prosesa, aina na kiasi cha kumbukumbu, aina ya diski, na muda wa dhamana kwa siku. Mnunuzi aijaze mbele ya muuzaji, mtambo ukiwa umewashwa, na muuzaji atie sahihi kabla ya pesa kutoka mfukoni.