MAUA YA NYUMBANI
Ni Jani Lipi Lililoanza Kuugua?

Wako wakazi wa mijini, hasa waishio katika nyumba za ghorofa, ambao huotesha maua ya ndani katika makumbi ya nazi yaliyosagwa badala ya udongo. Makumbi ni mepesi na safi, lakini hayana chakula cha kuutosha mmea. Karibu chakula chote hutoka katika mkono wa mwenye nyumba. Mkono huo ukikosea, jani ndilo husema.

Jani likigeuka manjano, wengi hukimbilia mbolea. Hapo ndipo fedha hupotea na ua hufa. Kabla ya kumwaga cho chote, tazama kwanza: manjano yameanza katika majani ya chini au ya juu?

Naitrojeni na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huyanyang'anya majani makuukuu ili uyalishe machanga. Jani la chini likipauka lote, yaelekea naitrojeni imepungua. Likiwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, shuku magnesiamu, kwani makumbi yasiyotayarishwa vema huishika magnesiamu na kuunyima mmea.

Madini ya chuma hayahami kwa urahisi. Kwa hiyo manjano yenye mishipa ya kijani yakianza katika majani machanga ya juu, chuma ndicho kisichofika. Mara nyingine kimo chunguni, ila maji yenye chokaa nyingi huizuia mizizi isikipate.

Ncha za majani zikikauka na kuwa kahawia, yawezekana chumvi imezidi, iwe ya mbolea au ya maji ya kisima. Kuongeza mbolea hapo ni kuongeza sumu. Mimina polepole maji yasiyo na chumvi, kiasi cha mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, yatokee matunduni.

Majani yakilegea na kugeuka manjano ilhali chungu ni kizito, mizizi inakosa hewa. Makumbi huweza kukauka juu na chini yakabaki chapachapa. Basi usiamini macho, nyanyua chungu upime uzito wake. Mizizi mizima ni imara, na aghalabu ni myeupe. Iliyooza ni laini, ya kahawia, na hunuka.

Mwisho, geuza jani. Vidoadoa vya manjano na utando mwembamba chini yake ni kazi ya utitiri, wala si njaa. Upanguse kwa kitambaa chenye maji, na urudie baada ya siku chache.

Jani lililokwisha kugeuka manjano mara nyingi halirudii ukijani. Badili jambo moja tu, kisha subiri wiki mbili au tatu. Jani jipya litakalochipuka ndilo litakaloonyesha kama umetibu ugonjwa wenyewe.